Nilimlazimisha Mtoto Amwamkie Aliyemvunja Mkono

Admin, nakuomba jina langu ulifiche kabisa. Singida ni ndogo na ofisini kwetu kila mtu anaingia humu kusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, naishi Mandewa. Ni afisa ustawi wa jamii. Yaani mtoto akipigwa au akitelekezwa, analetwa kwangu nimsaidie. Nimeandika hilo neno la kumsaidia nikacheka peke yangu. Kazi hii nina mwaka wa kumi na moja, na ukutani kwangu kuna vyeti viwili vya mfanyakazi bora. Anayetaka kuja kuvichoma moto, karibu sana.

Miaka miwili iliyopita bibi mmoja wa Kinampanda aliniletea mjukuu wake, binti wa miaka kumi na moja. Nitamwita Tumaini, sio jina lake. Alikuwa yatima, analelewa hapa mjini na baba yake mdogo, mtu wa mashine ya kukamua alizeti, anayeheshimika hadi msikitini. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Baba mdogo ndiye aliyeuvunja, kwa mpini wa jembe, kosa lenyewe ni mboga iliyoungua.

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza tatu, na watu wanasubiri kwenye benchi humo humo. Nikamwambia Tumaini aeleze. Bibi akaniomba, "Mwanangu, ameshaeleza kwa mtendaji, kwa polisi na hospitali. Kila akieleza, usiku hapati usingizi." Nikamjibu kwamba mimi na faili langu lazima tusikie kutoka kwake. Mtoto akaeleza mbele ya benchi zima, na mama mmoja aliyekuja na shida zake akawa anaguna kama yuko msibani.

Ndugu wa baba walikuwa wameshaomba mambo yaishe kifamilia. Nami nilipenda sana kesi zinazoisha haraka, ndizo zilizonipa vile vyeti. Nikamwita baba mdogo siku ile ile. Alipoingia, Tumaini alisimama akaenda kujificha nyuma ya kiti cha bibi yake.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mimi nimelelewa Kinyaturu hasa, kwetu mtoto asiyeamkia mkubwa ni aibu ya ukoo. Nikasema, "We Tumaini, mbona humwamkii baba yako?" Akabaki nyuma ya kiti. Nikapandisha sauti, "Hatuanzi kikao mpaka umpe mkubwa wako shikamoo." Bibi akasema kitu kwa Kinyiramba, polepole, sikukielewa na wala sikujali. Ndipo yule mtoto akatoka nyuma ya kiti, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo baba." Baba mdogo akajibu marahaba huku akitabasamu. Mtoto akajikojolea pale pale, mbele ya watu wote. Nami nikamwonyesha dekio lilipo.

Nilimwuliza maswali mengine, hakujibu hata moja. Kwenye faili nikaandika hivi: "Mtoto hana ushirikiano, ni mkaidi, hana heshima kwa wakubwa. Amerudishwa kwa mlezi kwa makubaliano." Nikagonga muhuri, nikaenda kula.

Mwaka huu tukapelekwa semina ya siku tatu, ya namna ya kuwahudumia watu wenye majeraha ya moyoni. Mkufunzi, dada mdogo tu kwangu, alitueleza kwamba mtoto aliyeumizwa akinyamaza sio kiburi, ni woga uliomkaba. Akasema muulize kwanza anataka kukaa na nani, funga mlango, usimrudishe kueleza yaliyokwishaandikwa, na kamwe usimkalishe na aliyemuumiza. Niliandika kila neno. Wakati wa chai wenzangu wakacheka, "Hayo ya Ulaya. Sisi tulichapwa na tumekua." Nikalirudisha andazi kwenye sahani. Ndiyo, tumekua, na tumekuwa watu wa kuwaonyesha watoto dekio.

Wiki iliyopita bibi alirudi. Kumbe Tumaini hakumaliza hata mwezi kwa baba mdogo, bibi alikwenda akamchukua kwa nguvu. Sasa baba mdogo amemshitaki bibi, anataka mtoto arudishwe kwake. Mahakama imeomba faili letu. Tangu siku ile ya ofisini kwangu, Tumaini haongei na mtu mzima yeyote isipokuwa bibi yake. Bibi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, yale uliyoandika yanafutika?"

Nilimwendea bosi wangu, nikamwambia nataka kuandika maelezo ya ziada, nieleze nilichofanya siku ile. Akasema, "Ukiandika hayo umejifukuzisha mwenyewe, na umetuchafua wote. Faili liende lilivyo." Mume wangu naye ananiambia nifikirie wanangu. Wanangu nawafikiria, ndiyo maana silali.

Lakini kinachonimaliza ni hiki. Nilipokuwa namsindikiza bibi hiyo wiki iliyopita, Tumaini alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, amekua, mkono umepona ukiwa umepinda. Nilitaka kumwomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo aliniona, akasimama haraka, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo."

Bibi akashika mdomo. Mtoto asiyesema na mtu mzima yeyote, mimi amenisemesha. Ananiogopa kama anavyomwogopa baba yake mdogo. Na mimi, kwa mazoea, nikaitikia marahaba.

Faili linaondoka Jumatatu. Pole zenu sizitaki, na matusi nimeshajitukana ya kutosha. Niambieni kitu kimoja tu ndugu zangu: niandike ukweli nipoteze kazi, au ninyamaze mtoto arudishwe kwa yule mtu kwa muhuri wangu?