Nyekundu ya Kulamawe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maji hapa Isiolo nilipewa mkasi na kipande cha bati, nikaambiwa nikate mshale. Sikuwa na masomo. Nilikomea darasa la tatu, mwaka ule ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Msimamizi wetu, Mzee Ibrahim, aliutazama mshale wangu akautupa chini.

"Mnene kama kidole cha mpishi," akasema. "Huu utafunika nusu ya uso. Kata mwingine, mwembamba, ncha kali."

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya kuanzia miaka ya sabini mpaka ndani ya themanini. Nyinyi vijana mnaniuliza ilikuwa kazi gani hiyo ya kukata bati, basi ngoja nieleze. Ofisini kulikuwa na ubao mkubwa uliotazamana na dirisha la barabarani. Kwenye ubao tulipigilia plaiwudi zilizokatwa nusu duara, kila moja ya kisima kimoja cha injini: Kinna, Kulamawe, Ngaremara na vingine. Katikati chini msumari, juu ya msumari mshale. Asubuhi walinzi wa visima walishusha kamba wakapima maji, wakatupigia redio, na mimi nikasogeza mishale. Kushoto maji yameisha, kulia yamejaa. Watu waliziita saa, kwa sababu zilifanana na saa iliyokatwa katikati.

Kusogeza mshale ni kazi ya dakika. Kazi yenyewe ilikuwa uso. Nyekundu iishie wapi, manjano ichukue kiasi gani, kijani ianzie wapi? Karani angegawa sehemu tatu sawa kwa rula, ipendeze. Mzee Ibrahim alikataa rula. "Anza na ng'ombe," aliniambia. "Mtu akiwa na kundi lake, akatembea mpaka pale, maji yaliyobaki yatamrudisha nyumbani? Kama hayamrudishi, paka nyekundu." Kwa hiyo saa ya Kulamawe, ambako ni mbali na njiani hakuna kitu, nyekundu yake ilikula karibu nusu ya uso. Ya Ngaremara, hapa karibu, nyekundu yake ilikuwa kipande tu. Tulitumia rangi isiyong'aa, maana jua la saa tisa likipiga kioo, rangi ya kung'aa inageuka nyeupe yote. Namba tuliandika ndogo, pembeni, za wakubwa. Wenyewe wenye saa hawakusoma namba.

Na wenyewe walikuwa wachungaji. Siku ya soko walijaa dirishani, wananyoosha fimbo.

"Ya Kulamawe inasema nini?"

"Inasema kaa kwako."

"Na saa ya bibi yako?"

"Ah, hiyo ni nyekundu toka nimuoe."

Walicheka, wakaenda zao, na kila mtu alijua mifugo aipeleke wapi. Hakuna mtu aliyefundishwa kusoma ule ubao. Ulijieleza wenyewe.

Mzee Ibrahim alipostaafu aliletwa Mhandisi Zakaria, kijana wa suti, na mimi nikahamishiwa Kinna kuangalia injini ya kisima. Sikulalamika. Uhamisho ni uhamisho. Yaliyotokea ofisini nyuma yangu nilisimuliwa baadaye na mlinzi wa lango, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia kwa masikio yake.

Ulikuwa mwaka wa ukame, na wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi. Zakaria aliutazama ubao akasema, "Ofisi hii inaonekana kama bucha. Nyekundu kila mahali. Wageni watafikiri hatufanyi kazi."

Karani Kepha, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akajibu, "Bwana Mhandisi, tunaweza kusogeza mishale kidogo."

"Hapana! Hiyo ni kudanganya. Mshale usiguswe. Wewe badilisha sura tu. Nyekundu iwe nyembamba, pembeni kabisa, kijani ipanuke. Zote zifanane."

Kepha akapaka. Nayataja majina yao kwa sababu wao wenyewe hawajawahi kuyataja katika habari hii.

Nilipewa likizo mwezi huohuo. Ndugu yangu mkubwa, Galgalo, alikuwa ameshusha ng'ombe wake upande wa Ngaremara, majani yamekwisha, ng'ombe wanakula maboksi ya barabarani. Tulikuja mjini Jumapili, ofisi imefungwa. Tukasimama dirishani kama watu wote. Mshale wa Kulamawe ulikuwa umelala upande wa kushoto, lakini ndani ya kijani.

Galgalo akaniuliza, "Mdogo wangu, hii ni kazi yako. Twende?"

Uso ule niliupaka kwa mkono wangu. Ningeujua usingizini. Kijani yangu haikuwa na maana nyingine. Nilitazama mshale umelala kwenye rangi gani, sikutazama rangi zenyewe zimeanzia wapi. Nikamwambia, "Twende."

Tulienda na ng'ombe wote, na mkewe, na binti yake Kabale, ambaye alikuwa ameanza tu kuota meno ya ukubwani na kila mtu alilazimishwa kuyatazama. Tulipofika Kulamawe injini ilikuwa kimya. Mlinzi wa kisima alikuwa amekaa kivulini, akasimama kwa haraka alipoona vumbi letu.

"Nani amewaambia mje?"

"Saa," nikasema.

"Saa gani? Wiki mbili nawapigia redio kwamba huku ni matope! Hawakusogeza mshale?"

Walisogeza. Ulikuwa pale pale penye matope. Zamani pale palikuwa nyekundu.

Ng'ombe walianza kulala hapohapo kwenye birika kavu la kunyweshea mifugo, wakilamba saruji. Mlinzi alitupatia maji yake ya kunywa, dumu moja, ya watu tu. Tukageuka. Kabale alifika karibu na barabara kubwa, mgongoni kwa baba yake, akafa kabla hatujapata lori. Tulimzika palepale. Ng'ombe hakurudi hata mmoja.

Nilienda ofisini na nguo zangu za vumbi. Zakaria hakuniambia nikae.

"Bwana Halake, pole sana. Lakini mshale ulikuwa mahali pake. Namba ziko pembeni. Ulipaswa kusoma namba."

Kepha alikuwa akinoa penseli.

Zakaria alipandishwa cheo, yuko Nairobi. Kepha ana duka la kuandika mabango hapa mjini, na mwandiko wake bado ni mzuri. Mimi nilirudi Kinna kwenye injini mpaka nilipostaafishwa, nikiwa bado na nguvu. Nasikia sasa ofisi zinaleta mashine za kuchora saa hizi zenyewe, rangi unachagua kwa kubonyeza. Sawa. Nyinyi mtakaobonyeza, mwaka wa ukame mtu mkubwa atakuja kuwaambia ubao wenu hauvutii. Mtu huyo hatakuwa na ng'ombe.

Ndugu yangu anakaa kwangu siku hizi. Hajawahi kunilaumu, hata kwa utani. Wageni wakija ananisifu kwamba nilikuwa mtu wa serikali. Juzi alitoka msikitini na kiu, nikamwambia chai iko ndani ya birika, ajimiminie.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. Akafunua kifuniko, akachungulia ndani kwanza.