Muuzaji wa Bastola wa Savage

Muuzaji yule wa duka la bunduki kule ughaibuni, mjini Savage, Mkenya kama Kerubo, hakusifu bidhaa hata moja, na Kerubo, mteja mzoefu wa kuvunja bei, akakosa pa kumshikia. Kila bastola aliyoitoa kabatini aliielekeza ukutani, akachomoa magazini ya risasi, akatia kidole cha mwisho kwenye chemba kuhakikisha hamna risasi, ndipo akampa. Akirudishiwa, alirudia yote, polepole.

"Hii inabeba risasi kumi na saba," Kerubo alisema. "Unaniachia kwa bei gani?"

"Si unahamia Tacoma, dada? Huko sheria ya jimbo ni risasi kumi, basi." Akamsogezea nyembamba, ya kufichika chini ya sare ya nesi. "Vuta hapa juu." Alitazama vidole vyake, si uso. "Mikono ya kuinua wagonjwa. Hii utaiweza."

"Lakini kumi zitatosha?"

"Nyumbani mtakuwa wangapi?"

"Mimi na kaka yangu. Tangu mkewe aondoke hapati usingizi, anasema amechoka kuishi. Maneno tu. Nikiwa kazini, angalau atakuwa na kitu cha kujilinda."

Muuzaji akaitoa bastola mkononi mwa Kerubo taratibu, akairudisha kabatini.

"Kwa kaka yako," alisema, "moja inatosha. Siuzi. Nenda ukakae naye."

Kerubo akataja bei ya juu kuliko ya kwenye kibandiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Muuzaji alikuwa ameshafunga kabati. Akalifungua tena, akaitoa bastola ileile, akaielekeza ukutani, akatia kidole kwenye chemba, ndipo akampa.