Samaki Aliyewekewa Kioo

Kaka yangu ni kinyozi. Miaka thelathini na moja ananyoa vichwa katika chumba kile kile cha mbele cha nyumba yake, na nyuma ya ukuta wa chumba hicho, ukuta wa mbao nyembamba, ndipo alipolala mkewe mwaka ule mzima wa ugonjwa. Huyo wifi yangu watu wanamkumbuka kwa wingi wa maneno yake. Mimi namkumbuka kwa mwaka ambao hakuwa na hata neno moja.

Mtaani walimwita Redio. Kazi yake ilikuwa kufua taulo za kinyozi na kuzianika uani, na tangu taulo ya kwanza hadi ya mwisho mdomo haukufungwa. Wateja waliokaa kwenye kiti cha kuzunguka walipata habari zote kupitia ukutani: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, mbuzi wa nani kala shuka la nani. Kaka akigonga ukuta kwa kitana, "Mke wangu, punguza sauti, nitamkata mtu sikio!" Naye anajibu, "Mkate tu, analo jingine!" Watu wanacheka mpaka poda inawapalia.

Kiharusi kilimkuta na taulo mkononi. Upande wa kulia ulikufa moja kwa moja, na ulimi nao. Upande wa kushoto ulibaki na nguvu ya kukuna shuka tu. Daktari alimpa kidole akamwambia abane, hakubana. Akatuambia tumgeuze, tumlishe kwa kijiko, tungoje miezi sita, na kitakachokuwa hakijarudi kufikia hapo tusikitegemee sana. Miezi sita ikaja, ikapita.

Mimi ni mjane, watoto wangu wanajitegemea, kwa hiyo nilikwenda kila siku asubuhi kumwosha, kumbadilisha na kumlisha uji mwepesi. Nikishamaliza, nakaa kando ya kitanda namwombea kwa sauti. Mwanzoni nilimwombea apone. Baadaye, Mungu anirehemu, dua ikabadilika. Nilikuwa nikisema, "Ee Mola, mchukue mja wako apumzike, maana huyu aliyebaki hapa ni ganda tu." Nilisema hivyo siku nyingi, kwa upole, huku namchana nywele.

Mwezi wa saba mteja mmoja wa kaka, muuza samaki wa mapambo, alileta tangi dogo akaliweka kwenye meza iliyokuwa mbele ya macho ya mgonjwa. Ndani mlikuwa na samaki mmoja mwekundu, mapezi yake marefu kama pazia jepesi lenye upepo. Akatueleza namna ya kumtunza. "Samaki naye anachoka upweke, msimwache na maji matupu. Mpira huu wa tenisi ya mezani atausukuma kwa mdomo. Jani hili la plastiki mbandikieni ukutani mwa tangi, atalilalia. Pitisheni kidole kwa nje, atakifuata. Na kioo kidogo cha kujitazama, dakika mbili tatu kwa siku, ajione, anyooshe mapezi. Halafu mnakiondoa."

Mpira na jani kaka alivitia kwenye droo ya nyembe akavisahau. Lakini aliposikia kioo, uso ulimng'aa. "Kioo? Hiyo si ndiyo kazi yangu!"

Alichukua kipande cha kioo cha zamani cha dukani kilichovunjika kona, akakisugua kingo kwenye jiwe mpaka zikawa laini, akakisimamisha ubavuni mwa tangi. Samaki akajiona. Alitanua mapezi yote, akafungua mashavu, akaenda mbele, akarudi, akajizungusha. Kwa kweli ilikuwa kama ngoma. Na pale kitandani wifi akatoa sauti: "Hah. Hah. Hah."

Miezi saba hatujasikia chochote. Kaka alikuwa amesharudi dukani, akaja mbio na mashine inanguruma mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa.

"Umesikia, dada? Amecheka!"

"Nimesikia, kaka yangu."

"Redio imecheka!" Akalia pale pale, mashine bado inanguruma. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Kuanzia siku ile kioo kilisimama kutwa, toka asubuhi hadi magharibi. Siku moja nilimwuliza kaka, "Yule bwana si alisema dakika mbili tatu?"

"Dada, wateja wangu wanakaa mbele ya kioo nusu saa, wengine mpaka niwafukuze. Umeshasikia kioo kimeua mtu?"

Nikacheka. Kwa mtu aliyeishi na vioo maisha yake yote, lilikuwa neno la kweli. Hata samaki, kaka alimpa jina la Mteja. "Anakuja kila siku, anajitazama, halipi, na haoni kama nywele zimeisha."

Kaka alifufuka. Alianza tena kuchana ndevu zake. Akisikia "hah, hah" ukutani, anazima mashine, anainua kidole, duka zima linanyamaza.

"Imeshika stesheni!" mteja mmoja anasema.

"Bado inatafuta," anajibu kaka, "lakini betri zipo."

Mimi niliyekuwa chumbani niliona mengine ambayo wao hawakuyaona, na sikuyafikiria. Jicho lake la kulia halikufumba tangu siku ya kiharusi, kwa hiyo lilitoa maji muda wote, nami nililifuta kwa pamba. Siku hizo za kioo nilikuwa nafuta macho yote mawili. La kushoto lilikuwa zima. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini nalo linatoa maji.

Wiki ya tatu Mteja alianza kupauka. Mapezi yalichanika kama kitambaa kilichofuliwa sana. Alikuwa analala chini kwenye kokoto akihema, kisha anaona kioo, anainuka tena kwa kujikokota, anatanua yale matambara yake. Chakula alikiacha kikielea. "Mchezo umemkolea," kaka alisema. Na sauti ya wifi ikawa ndefu zaidi. "Anamfurahia mno," alisema kaka.

Wiki ya tano muuza samaki alirudi kutoka safari, akaja kunyolewa. Kaka hakungoja hata amfunge kitambaa, akamvuta chumbani. "Njoo uone ulivyotufanyia wema, ndugu yangu. Mke wangu anacheka."

Yule mtu alisimama mlangoni. Hakumtazama wifi kwanza, alitazama tangi.

"Hiki kioo kinakaa hapa muda gani?"

"Kutwa. Anacheza."

"Hachezi, mzee." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Huyu ni samaki mpiganaji. Hajui kuwa yule ni yeye. Anaona adui kaingia nyumbani kwake, na adui mwenyewe hachoki wala haondoki. Wiki tano yupo vitani."

Akanyoosha mkono akakiondoa kioo.

Wifi alinyamaza. Si kama mtu aliyemaliza kucheka. Alishusha pumzi, kifua chote kikashuka, na jicho la kushoto likafumba, chozi likatoka chini ya kope. Mkono uliokuwa unakuna shuka ukatulia.

Kaka, sijui kwa nini, labda hakutaka kuamini, alikichukua kioo kutoka mkononi mwa yule bwana akakirudisha. Samaki akajiinua. "Hah. Hah." Akakiondoa. Kimya. Hakujaribu mara ya tatu. Aliketi sakafuni penye beseni la taulo chafu.

"Mke wangu," akasema, "kama unanisikia, fumba jicho."

Lile jicho la kushoto likafumba, likafumbuka.

"Ulikuwa unacheka?"

Jicho likabaki wazi.

"Ulikuwa unalia? Ulitaka nikiondoe?"

Likafumba. Kaka aliweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda. "Kumbe upo," alisema. "Kumbe upo wote, na mimi nawatangazia watu kuwa umecheka."

Muuza samaki alitoka bila kunyolewa. Mimi nilikimbilia uani nikajificha kati ya taulo zilizoanikwa. Kama alikuwapo, basi alikuwapo pia nilipokuwa namchana nywele na kuomba.

Siku ile ile kaka alitoa mpira na jani kwenye droo. Siku ya pili Mteja alipanda juu, akaugusa mpira kwa mdomo, ukazunguka. Akaugusa tena. Nilimtazama wifi. Hakutoa sauti yoyote. Alitazama tu, jicho halipepesi, mpaka samaki alipochoka akalala kwenye lile jani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifurahi, na sisi tulikuwa hatujawahi kumwona. Asubuhi ya tatu Mteja alikuwa anaelea kwa ubavu, amekufa. Kaka alimwuliza mkewe kama alete mwingine. Jicho halikufumba.

Tulijifunza kumwuliza. Tukagundua mto ulikuwa juu mno, na shingo imemuuma miezi yote ile. Tukagundua hapendi dirisha lifungwe, na mimi ndiye niliyekuwa nalifunga nikidhani namkinga na baridi. Kaka alikuwa anaacha wateja kwenye foleni ili aje amwulize jambo dogo tu, maji au kivuli, apate lile "ndiyo" la jicho.

Mimi langu nililikalia siku nyingi. Hatimaye asubuhi moja nilishusha bakuli la uji.

"Wifi, zile dua zangu, ulizisikia?"

Jicho likafumba.

"Na ile niliyosema wewe ni ganda?"

Likafumba tena, taratibu.

"Nisamehe, wifi yangu. Umenisamehe?"

Halikufumba. Lilinitazama. Nilingoja mpaka uji ukaganda juu, mpaka nikainamisha macho mimi. Kesho yake niliuliza tena. Jicho likahama kwangu likaenda kwenye tangi, pale ambapo ule mpira mweupe ulikuwa unaelea peke yake.

Aliishi wiki tisa baada ya kioo kuondolewa. Siku ya mwisho nilikuwa nimejiandaa kumwuliza tena, ila kwanza nilitoka kuanika taulo, kwa kuwa jua lilikuwa zuri. Kupitia ukutani nikasikia kaka amezima mashine, kama alivyofanya kila akisikia sauti ya mkewe. Akagonga ukuta kwa kitana, kama zamani. Kisha nikasikia kiti cha kuzunguka kinagonga meza, na yeye anakimbia.

Nilipoingia alikuwa ameshamfumba lile jicho la kulia kwa kidole gumba. La kushoto lilikuwa limefumba lenyewe.