Jirani Aliyeogopa Sombe Yake

Juzi nilirudi mtaani kwetu Mudzipela, nikamkuta mama mmoja akiuza sombe, yale majani ya muhogo, iliyosagwa kwa mashine, imefungwa ndani ya mfuko. Niliinunua, rafiki yangu, lakini sikuiamini. Nyanya yangu alinilea kwa mashaka, na yalianza na sombe ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mke wa mwanajeshi mstaafu, mzee mpole asiyetoka ndani. Mlangoni kwao kulikuwa na kinu kizuri kuliko chetu, kimepinduliwa, kuku wanakipanda. Lakini majani yake alituletea sisi wasichana tumtwangie, kisha yeye akaenda kusimama mbali barabarani, kwenye vumbi la pikipiki, mpaka tumalize. Jioni alituletea bakuli la shukrani, sombe yenye mawese na makayabo, samaki mkavu wa chumvi, inanukia mpaka roho inauma. Nyanya aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuimwaga nyuma ya choo.

"Mutu anaogopa sombe yake mwenyewe! Iko na nini ndani? Musikule kitu yake, munasikia?"

Tulisikia, tukaanza kumchunguza. Kwa nini anafunga mlango polepole hivyo? Kwa nini anatusihi tusipige mpira kwenye mabati? Wengine walisema ni mchawi, wengine wakasema kuna bunduki imezikwa uani. Mimi niliamini yote mawili.

Kisha mzee akafa. Matanga yalipokwisha, mama yule akaja tena na majani yake. Nyanya alimshika mkono, akamrudisha kwake, akakisimamisha kile kinu. Nilifuata nyuma.

"Muzee haiko tena. Leo utatwanga kwako, nione."

Jirani aliinua mchi. Ulibaki juu, kisha akauachia na kukaa chini kwenye udongo.

"Mama, muzee akisikia ile mulio karibu, kama ya bombe, alikuwa ananivuta chini ya kitanda, ananifunika na mwili yake. Miaka yote. Sasa miye nikitwanga, nani atanifunika?"

Nyanya alibeba majani akaenda kuyatwanga kwetu mwenyewe, akanituma nisimame na jirani barabarani. Kila mchi uliposhuka, alinibana vidole. Jioni ile tulikula sombe yake, na nyanya ndiye aliyetangulia kutia mkono.

Nyumba zote mbili hazipo sasa, pamejengwa ukuta na geti la chuma. Nyanya alimshuku vibaya yule mama, na bado inaniuma. Lakini alimshuku mpaka akamfuata kwake. Siku hizi hatushukiani hata kidogo, wala hakuna anayemfuata mwenzake kwake, na ndiyo maana sijui nani anatetemeka nyuma ya ukuta ule.