Unga Wenye Homa

Miezi mitatu mwanangu aliitwa Mtoto. Kila nilipompeleka kliniki hapa Mikumi, nesi alifungua kadi, akanitazama juu ya miwani: "Mama, bado tu?" Bado. Nilitaka apewe jina la marehemu mama yangu, na kwetu jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi. Hulitoa bibi, kwa unga wa mtama uliosagwa na mama wa mtoto kwenye jiwe la ukoo. Sasa bibi, tangu tumzike mama, hakuwahi kulitamka jina la bintiye hata siku moja. Niliogopa atakataa.

Nikapanda bodaboda mpaka Zombo, kwa bibi. Shikamoo, marahaba, kisha bibi akanionyesha jiwe lile pana chini ya upenu, limelika katikati kwa mikono ya wanawake ambao hata yeye hakuwajua wote. Jiwe dogo la mkononi alilifuta kwa khanga yake. Akambeba mtoto, akaenda kuchuma mboga.

Nikapiga magoti, nikasaga. Jamani! Muda si muda mgongo unalia, magoti yanawaka, na unga wenyewe hautoshi kumshibisha sisimizi. Nikawaza, mashine iko pale njiapanda, nani atajua? Nikakimbia na mtama wangu, nikarudi nahema, nikaumwaga unga juu ya jiwe na kujipaka kidogo mashavuni. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Bibi alirudi, akanipa pole ya kazi, akatia mkono kwenye unga. Akautoa upesi.

"Mke mwenzangu, mbona unga huu una homa?"

Kumbe unga wa mashine hutoka na joto! Nikasingizia jua, na pale upenuni palikuwa na kivuli kitupu. "Njia ya mwongo fupi," akasema, akawamwagia kuku unga wote. Niliona aibu mpaka masikio.

Nikarudi magotini. Bibi alikaa karibu, mtoto mapajani, akinichokoza: "Unasaga au unalibembeleza? Sukuma kwa mwili mzima, mikono peke yake itakuua. Mama yako naye alianza hivyo hivyo. Alilia hapo hapo ulipo."

Alasiri nilikuwa na kikombe kimoja, unga wa chengachenga, wa baridi. Bibi alichovya kidole gumba, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Akafungua mdomo, akaufunga, nami nikajua hawezi. Nilikuwa nataka kumwambia basi bibi, tutatafuta jina jingine.

Akaita. Hakunong'ona, aliita jina la mama yangu kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko shambani aje kula. Akaita mara ya pili, akasubiri.

Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika," bibi akasema, na hapo tukalia wote wawili.