Mpinzani Aliyehamia Pool

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini nilikula na kulala kwa sababu ya drafti. Nikiwaeleza vijana wa sasa hudhani natania, lakini ilikuwa kazi kama kazi nyingine, yenye masharti yake na uchovu wake. Nilikuwa mchezaji wa hoteli moja ya Githongo. Kwa hoteli namaanisha nyumba ya chai na chakula, kama tunavyosema huku, si mahali pa wageni kulala. Aliyelala pale nilikuwa mimi peke yangu, katika chumba cha nyuma kilichojaa makreti ya soda.

Masharti aliyaweka mama mwenye hoteli, mjane asiyependa maneno mengi. Mteja aliyecheza nami akishindwa, aliinunulia meza nzima chai. Akinishinda, alikula bure chochote kilichokuwa jikoni, na hasara ilikuwa ya mama. Kwa hiyo nilitakiwa nisishindwe, na pia nisishinde haraka. Mkulima aliyetoka kupeleka kahawa kiwandani akifungwa upesi huondoka na aibu yake, na harudi. Akifungwa pole pole, huku akiamini mara kwa mara kwamba ananiweza, huagiza chapati ya pili.

Bao letu lilikuwa kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba kwa rangi ya viatu. Kete zilikuwa vifuniko vya soda; mmoja alicheza na vilivyotazama juu, mwingine na vilivyopinduliwa. Asiyejua drafti anatakiwa kufahamu sheria moja tu ili anielewe, nayo ni kwamba kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikiwa mbele ya yako, na mraba wa nyuma yake uko wazi, huna ruhusa ya kuiacha. Ukiiacha, kete yako inaondolewa. Ufundi wote umejengwa juu ya lazima hiyo. Unampa mtu kete asiyoitaka, anaichukua kwa sababu hana budi, na kwa kuichukua anakufungulia njia ya kuchukua mbili zake.

Mchezo huu nilijifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza karibu kila kitu baada ya karo kunikatiza shule. Nilichukua mwanzo mmoja wa mchezo, nikaurudia asubuhi baada ya asubuhi nikicheza pande zote mbili, mpaka haukuwa na siri tena, ndipo nikaenda kwa mwingine. Njia hiyo ni ya polepole, ila haisahauliki.

Watu walidhani mchezaji wa hoteli ana marafiki wengi, kwa kuwa daima alizungukwa. Mimi sikuona hivyo. Kucheza na mtu huku ukimpimia matumaini ni kama kuzungumza na mtoto mchanga kutwa nzima. Ikifika jioni unatamani mtu mzima akujibu. Niliishi hivyo muda mrefu bila kujua kwamba ndilo lililokuwa likinisumbua. Nililijua siku alipokuja yule Muembu.

Alifika siku ya soko, mtu mrefu mwenye koti zito la mvua kama la wachuma chai. Kwao kulikuwa Kibugu, chini ya msitu wa mlima, lakini alikuwa na kazi kama yangu katika hoteli moja ya Embu mjini, na alikuwa amesikia habari zangu. Kabla hajaketi aliita jikoni.

"Mama, weka chapati na nyama kabisa. Nikimaliza na huyu sitaki kungojangoja."

Watu walicheka. Mama hakucheka, na nyama hakuiweka. Tulicheza mpaka wateja wengine wakaanza kuondoka kwenda kutafuta magari, na mwishowe akanifunga. Mama alimpakulia, kisha akaniambia kwa Kimeru kwamba nyama ile ilikuwa yangu ya wiki nzima.

Sikusikitika. Mitego niliyoitega siku ile ilikuwa imeonekana kabla sijaikamilisha, na nikajikuta nafikiri kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo. Mwisho wa mwezi nilisafiri Embu, nikamfunga mbele ya mwajiri wake, nikala samaki.

Tangu hapo tukawa na desturi. Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya kanisa, ama yeye alikuja au mimi nilikwenda. Hatukuwekeana dau lolote. Mimi ni mtu wa Kimeru na yeye wa Kiembu, na pengine tungeelewana kila mmoja kwa lugha ya nyumbani, lakini tuliongea Kiswahili, kile cha shule kwangu na cha stendi kwake. Aliniita Mmeru, nami nikamwita Muembu. Alikuwa mtu wa kuongea huku akicheza.

"Mmeru, hiyo kete unaituma wapi bila mama yake?" angeuliza. Au, nikikaa kimya sana, "Usikasirike, Mmeru. Panga ziko mbali," akitania ule msemo kwamba Wameru ni wepesi wa hasira.

Kiswahili kile sikuwa nakiongea na mtu mwingine kwa namna ile. Na wateja niliongea habari za mvua na bei ya kahawa. Na yeye niliongea kwa kete, na maneno yalifuata nyuma.

Kisha ikaja pool, ule mchezo wa kuingiza mipira mashimoni kwa fimbo. Mara ya kwanza niliiona kwa mwajiri wake. Niliingia Jumapili moja nikakuta meza zimesukumwa ukutani, na katikati ya ukumbi imesimama meza moja kubwa ya kijani, na watu wameizunguka wakiwa na bia mikononi. Bao la drafti lilikuwa stoo. Rafiki yangu alikuwa ameshika fimbo na ana chaki vidoleni. Aliniambia kwamba wateja wa drafti walikuwa wamekwisha, naye aliambiwa achague kujifunza pool au kurudi Kibugu kuchuma chai.

"Watu wa sasa wanataka kusimama," alinieleza. "Drafti mtu anakaa kama anangoja daktari."

Siku ile tulichezea jikoni, bao likiwa juu ya gunia la viazi, na kila mara aliitwa ukumbini kucheza na mteja. Nilimngoja. Akirudi alitazama bao kwa muda kabla ya kukumbuka zamu ilikuwa ya nani. Miezi iliyofuata Jumapili zetu zilianza kukatika, kwa sababu Jumapili ndiyo ilikuwa siku kubwa ya pool.

Haukupita muda baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara, pale kwetu Githongo, nayo ikaleta meza. Wateja wetu walivuka mmoja mmoja. Wazee wachache walibaki, na hao hawakuweza kuinunulia meza nzima chai. Mama alivumilia msimu mmoja wa kahawa, kisha akakubaliana na mtu wa kuleta meza ili wagawane sarafu za wachezaji. Aliniita jikoni.

"Kijana, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini hiyo meza inataka mtu wake. Mwite yule Muembu wako akufundishe. Ikikushinda, masufuria yapo."

Masufuria hayakunitisha. Kilichonifanya nijifunze pool ni jambo jingine. Rafiki yangu alikuja na habari kwamba mwajiri wake alikuwa anafungua mahali pa pili Embu mjini, na alihitaji mchezaji wa pili. Mchana tungekuwa na meza zetu, kila mtu na yake. Chumba tungekaa pamoja. "Na drafti tutacheza kila jioni," alisema. "Si mwisho wa mwezi. Kila jioni." Mwajiri huyo alikuwa na safari ya Kibirichia kununua viazi, na akirudi angepitia Githongo kuniona nikicheza. Sikuwahi kupenda ile meza ya kijani. Niliitaka kama mtu anavyotaka daraja.

Meza ya mama ilipofika, nilijifunza kwa njia yangu. Asubuhi kabla hoteli haijafunguliwa nilipiga pigo moja, lile lile, mpaka likanyooka, ndipo nikahamia lingine. Rafiki yangu alikaa nasi siku kadhaa, akinirekebisha kiwiko. Aliniambia tatizo langu ni kwamba nautazama mpira kama unaotaka kunijibu. Lakini alikiri kwamba nilikuwa natosha. Nami nilijua kwamba natosha, kwa sababu nilikuwa nimejipima bila upendeleo.

Mwajiri wake alifika na lori la viazi mchana wa siku ya soko. Alikuwa mtu mpole aliyevaa kofia ya sufu. Mama alimpa chai, akasimama karibu na mlango wa jikoni huku anafuta mikono, na mimi na Muembu tukaanza.

Nilicheza vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulifika mahali ambapo kila mmoja alikuwa amebakiza mipira miwili pamoja na ule mweusi wa kumalizia. Zamu ilikuwa yangu, na mpira wangu mmoja ulikuwa wazi, ningeweza kuuingiza. Lakini niliona kitu kizuri zaidi. Mpira wake mmoja ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo. Nikiuweka mpira mweupe, ule unaopigwa na wote wawili, mahali fulani, angeuingiza wake kwa urahisi, lakini ule mweupe ungebaki umebanwa pembeni, bila njia ya kuufikia mwingine. Angechukua mmoja, na mimi ningemaliza. Nilipiga taratibu. Mpira mweupe ulikwenda ukasimama pale pale nilipotaka. Nikarudi nyuma, na moyo wangu ulikuwa umetulia kama Jumapili za zamani.

Aliinama, akatazama mpira wake ulioko mdomoni mwa shimo. Kisha akainuka, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Akazunguka meza, akagusa mpira wake ule mwingine kidogo tu, na mpira mweupe ukajiviringisha ukajificha nyuma ya mweusi.

"Mmeru," alisema polepole, "hapa hakuna mtu analazimishwa kula."

Sikuwa na pa kupiga. Nilikosea, na kwa sheria ya pool akapata mapigo mawili, akamaliza.

Mwajiri aliuliza kwa nini sikuingiza mpira uliokuwa wazi. Rafiki yangu alimweleza, na alieleza vizuri, kwa kunitetea, akisema kwamba kosa kama lile hawezi kulifanya mtu mjinga. Yule bwana alitikisa kichwa kwa upole.

"Nimeelewa," akasema. "Huyu ni wa drafti." Akaomba chakula, na kuanzia hapo habari ikawa ya viazi.

Mama aliingia jikoni. Baada ya muda nilisikia akisogeza masufuria, si kwa hasira, akiyapanga tu.

Wakati mwajiri akila, rafiki yangu alinifuata chumbani. Hatukuongea juu ya Embu. Nilichukua bao, nikaliweka juu ya makreti mawili, nikapanga vifuniko, vyake vikitazama juu kama kawaida. Tulianza. Hakuongea, na hilo nililiona, ila nilidhani ni huruma.

Katikati ya mchezo nilimtolea kete. Ulikuwa mtego mdogo, wa zamani, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuuepuka. Sikutarajia umnase, nilitarajia anicheke, achukue kete yake kama sheria inavyotaka, kisha anionyeshe alichokuwa amekiandaa upande wa pili. Aliitazama ile kete kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akasogeza kete nyingine kabisa, kule pembeni.

Nilingoja mkono wake urudi. Haukurudi.

"Kula," nikamwambia.

"Wapi?"

Hakuwa anatania. Macho yake yalipita bao zima, mraba kwa mraba, kama ya mteja wa siku ya soko, mpaka yakafika. "Ala," akasema, akacheka kidogo kwa pumzi. Kwa sheria nilitakiwa kuiondoa kete yake. Sikuiondoa. Niliirudisha aliyoisogeza mahali pake, nikasubiri ale.

Lori likapiga honi. Alisimama, akachukua koti lake.

"Usiguse kitu, Mmeru," alisema akiwa mlangoni. "Nitakuja tumalize."

Sikugusa. Nililala karibu na bao lile kwa majuma mengi, nikipita kando yake kwa uangalifu, mpaka siku gari la soda lilipokuja kuchukua makreti matupu na ikanibidi nilinyanyue. Mimi niliosha masufuria mpaka nilipopata kazi ya kupima kahawa kiwandani, na huko nikapanda hadi ukarani. Yeye nilisikia kwamba pool nayo ilikuja ikawa na watu wengi wenye mikono mipya, akarudi Kibugu kwenye chai ya baba yake. Niliwahi kwenda huko kumtafuta. Niliambiwa yuko shamba la juu, karibu na msitu, na kwamba kunaponyesha hivyo huwa hashuki. Nilingoja katika kibanda cha kupimia chai mpaka giza likakaribia, nikarudi.

Bao ninalo. Jumapili alasiri hulitandaza, nikavipanga vifuniko kama vilivyokuwa juu ya yale makreti, maana mpangilio ule sijausahau. Kwa kawaida mtu akicheza peke yake hucheza pande zote mbili, na mimi huanza kila mchezo mwingine hivyo. Huo mmoja siuchezi. Kete yangu iko pale nilipoitoa, nyuma yake pako wazi, na zamu ni yake.