Aliyesema Kwenye Kinasa Sauti cha Nakivubo

Mimi si mtu wa kuogopa vivuli, na siku ile sikuwa nimelewa wala kusinzia. Haya yalinipata mwenyewe, Kampala, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nikiwa mtangazaji wa redio.

Vinasa sauti vyetu vya kazi za nje vilikuwa vimechakaa. Kimoja kilitafuna utepe, kingine kizito, ukizunguka nacho mjini bega linakufa ganzi. Mkubwa wangu akanituma Nakivubo, dukani kwa Haji Sefu, nikachague kipya. Haji alikuwa Mswahili mzee, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Akanipangia vinasa vitatu mezani, akaenda chumba cha nyuma kuswali alasiri.

Nilikuwa nimechoka, ndugu yangu. Si kazi tu. Huchoki wewe, kila gari likisimama unajiuliza limekuja kumchukua nani?

Kinasa hakijaribiwi kwa sauti yako peke yako. Unataka mtu asiyezoea maikrofoni. Nikainua kichwa, nikamwona mwanamume amesimama kando ya rafu. Mrefu, shati limejaa grisi, soksi bila viatu.

"Ssebo, bwana wangu, nisaidie," nikamwambia. "Sema chochote hapa."

"Niseme nini?"

"Jina lako, unapokaa. Basi."

Akainama, akasema taratibu: "Mimi Opio, fundi wa magari jeshini. Nakaa Bukoto, fulati za nyuma ya soko. Atim, mke wangu, usiningoje. Chukua watoto, nenda kwenu leo leo. Kesho watakuja."

Nikageuka kuzima mashine. Nilipotaka kumwuliza nani watakuja, hapakuwa na mtu.

Haji akatoka nyuma. "Mwanangu, unaongea na nani?"

"Na huyo bwana aliyetoka sasa hivi."

"Katoka wapi? Mlango niliutia komeo kabla ya kuswali."

Niamini, komeo lilikuwa mahali pake. Nikarudisha utepe. Sauti ilikuwemo, safi kabisa. Haji akakaa chini.

"Kichukue," akasema. "Usiniachie hicho humu."

Ningefanya nini? Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi wangenilazimisha kuucheza utepe ule, na hapo ndio mwisho wangu. Nikapita vichochoroni kwa miguu hadi Bukoto, nikimwulizia mke wa Opio.

Atim alinifungulia mlango nusu. Nilipomchezea, alishika ukuta.

"Ulimrekodi lini?"

"Leo, dada. Alasiri hii."

"Walimchukua kazini wiki iliyopita," akasema. "Mwenzake aliniletea viatu vyake tu."

Akaomba kuisikia tena, halafu tena. Kisha akafuta uso kwa leso. "Ifute, kaka. Wakikukuta nayo watakuua."

Kufuta ni kurekodi juu yake. Nikabonyeza, tukakaa kimya, yeye na mimi, watoto wakitutazama, utepe ukizunguka na kuchukua ukimya wetu. Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile.

Jioni ile akaondoka na watoto na fungu la nguo. Kesho yake wanajeshi wakavunja mlango, wakakuta sufuria tu juu ya sigiri ya makaa; majirani ndio walionisimulia. Miaka mingi baadaye nilipata salamu kutoka kwao kaskazini: wote wazima.

Ungedhani hapo nikapumzika. Wapi! Kinasa kile ndicho nilichokichagua, maana kilikuwa bora kuliko vingine, na kila nilipotoka nacho kazini walikuja wengine kama Opio. Mwanamke mmoja nje ya soko. Vijana wawili mvuani, mtaa wa Naguru. Kila mmoja na jina lake, na watu wake wa kupelekewa habari. Wengine niliwapelekea. Wengine, Mungu anisamehe, miguu ilikataa. Mwishowe nikaomba kuhamishiwa chumba cha sahani za muziki, na hadi leo sishiki maikrofoni, hata harusini.

Kwa hiyo wewe unayetaka kazi hii, kabla hujamwambia mtu usiyemjua aseme, jiulize kama una nguvu ya kuyafikisha maneno yake. Akishasema, ni yako. Na wafu hawaulizi kama umechoka.